Nyuzi Nne

Baba alipokuwa hai, kipimajoto kilikuwa shingo yake.
Saa nane za usiku ataamka, avae viatu vya sufu,
ashuke ngazi kumi na moja chini ya theluji
hadi handakini, mizinga themanini ilipolala
tangu Novemba, kimya, kama wasafiri wa treni moja.
Taa hawashi. Anasimama tu, kola wazi,
kisha anafungua tundu la hewa upana wa vidole viwili,
au vitatu,
au analifunga.

Nyuzi nne, alikuwa akisema. Si tatu, si saba.
Zikipungua, nyuki wanakula asali yote wapate kujipasha;
zikizidi, wanadhani majira yamegeuka,
wanatoka kutafuta maua,
na asubuhi tunawafagia.

Majira ya baridi ya kwanza bila yeye
mama aliteleza ngazi ya saba.
Ndipo nikaja kutoka Ufa, mimi fundi wa lifti,
na begi la waya, na kiburi.

Kwa jirani Fanzil nilinunua mota ya feni
iliyong'olewa kwenye Lada iliyokufa kila kitu isipokuwa hiyo.
Kihisi joto chenyewe ni punje, hakizidi dengu.
Kikipata joto, ukinzani wake hulegea,
polepole,
kama mtu anayekubali kwamba amekosea.

Mimi sikuwa hivyo.
Niliipa mota amri ya mlango wa lifti: fungua, funga.
Joto likivuka nne, feni ilinguruma kwa nguvu zake zote
ikavuta ndani baridi ya nje, thelathini chini ya sifuri;
likishuka, kimya cha kaburi.
Nguruma. Kimya. Nguruma.
Usiku mzima nyuki walibana donge, wakalilegeza, wakalibana.

Mama alichomeka mpira mwembamba kwenye mlango wa mzinga,
ncha nyingine sikioni, kama daktari wa zamani.
"Wanakulalamikia," akasema.
"Hivi wewe, wakati wa joto, langoni pa mzinga,
ulishaona wote wakipunga mbawa kwa mara moja?
Anaanza mmoja, yule asiyevumilia.
Wa pili anamfuata. Wa kumi.
Na wanaacha vivyo hivyo, mmoja mmoja."

Sikujibu. Nilipanda juu nikaandika upya:
kila sehemu ya kumi ya nyuzi, umeme kidogo,
kidogo tena,
mota izunguke kwa kadiri ya joto, si kwa hasira.

Bado haikutulia. Kihisi nilikitundika darini,
mahali panapofaa kwa mujibu wa michoro yangu.
Mama alikitazama. Akakiteremsha bila kuniomba ruhusa,
akatoa kikoba chake cha ushonaji,
akakifunga kwa uzi mwekundu, akazungusha mara nne,
kati ya safu ya tatu na ya nne,
juu ya ubao wa sakafu uliolika ukawa na bonde.

"Ni chini mno," nikasema.
"Minsilu hajui umeme," akajisema mwenyewe,
"lakini Gaysa alikuwa mfupi."

Usiku ule mota ilipiga mluzi mwembamba,
ikapanda kidogo, ikashuka, ikakaa.
Namba ya kijani ilisoma nne, nne na moja, nne.
Nikalala kama gunia.

Saa nane niliamshwa na mbao.
Alikuwa amekaa ngazi ya kwanza, viatu vya sufu miguuni,
vikubwa kidogo kwake,
kola wazi.
"Inafanya kazi, mama. Rudi ukalale."
"Najua inafanya kazi," akasema, wala hakuondoka.
Nilikwenda kumletea chai.

Aprili tulifungua mlango, tukahesabu mizinga sabini na mmoja hai.
Baba mwaka wake bora alivusha sabini na mitatu.
Mama aliandika hesabu ukutani kwa penseli, chini ya zake,
mwandiko mdogo zaidi.